Kibanda cha roketi, Ngamiani Tanga: maoni yangu baada ya mwaka na ushee

Wanaoijua Tanga wanavijua vibanda umiza vya Ngamiani, vile vya kulipia kuangalia mpira na muvi, bati juu bati pembeni, joto kama tanuri la mikate, vijana wamebanana kwenye mabenchi wanabishana Simba na Yanga. Sasa kuna kimoja naendaga tangu 2024 na kila nikiposti picha watu wananiuliza, dada we mtu mzima una mtoto, unafata nini kibandani saa nane za usiku. Nafata roketi, kuziangalia zikirushwa kwenda angani. Nimeona niandike mara moja niwajibu wote alafu mwenye kwenda aende.

Kipo kwenye zile barabara za namba, ukitokea sokoni unaingia ndani kidogo, ukipotea uliza kibanda cha roketi hata mtoto wa chekechea atakupeleka. Nje pana ubao mweusi, mwenye kibanda anaandika kwa chaki kila siku, COASTAL saa 10 jioni, MUVI YA KIHINDI saa 2 usiku, ROKETI saa 8:30 usiku In shaa Allah. Na hiyo In shaa Allah anaimaanisha kweli maana roketi zinaahirishwa ovyo, mara upepo wa juu, mara mafuta yanavuja, mara kuna meli imeingia kwenye bahari waliyoifunga, siku nyingine mmekaa saa nzima zimebaki sekunde 40 saa inasimama na mnaambiwa mpaka kesho. Kwenye mpira kiingilio mia tano, mechi kubwa na roketi ni buku, ila roketi ikiahirishwa anawarudishia hela mlangoni mmoja mmoja bila kuombwa. Sijaona kibanda kingine Tanga kinafanya ivo.

Ndani sio TV, ni projekta inapiga kwenye ukuta aliopaka chokaa nyeupe, ukubwa wa karibu ukuta mzima, na sabufa mbili kubwa ziko chini ya mabenchi ya mbele. Hizo sabufa ndio uhondo wenyewe. Roketi ile kubwa ya Wamarekani, Starship, ina injini 33 kwenye kipande cha chini, zikiwaka zote benchi linatetemeka mpaka unalisikia kwenye meno, kikombe cha chai kinatembea chenyewe kwenye ubao. Intaneti anatumia bando la simu kwa iyo inagandaga, na hilo ndio lalamiko langu kubwa, mwaka jana iliganda wakati wa kuhesabu, imefika tatu ikabaki tatu, ilivyorudi roketi iko mawinguni. Umeme ukikatika ana inveta na betri ya gari, projekta inabaki, feni zinazima, basi mnaloa wote.

Alafu kuna mtafsiri. Ni kijana alianza na kutafsiri muvi kama wale madj wa kwenye sidii, sasa watangazaji wa kule wanaongea Kizungu yeye anashika maiki anawafata papo hapo kwa Kiswahili cha Tanga, na hakurupuki, anasoma kabla. Kuna pahala roketi ikifika kama dakika moja angani wazungu wanataja neno lao la kitaalamu, yeye anasema "hapa ndipo upepo unaikaba kuliko pahala popote, ikivuka hapa tunapumua", na kibanda kizima kinakaa kimya mpaka aseme imevuka. Kuhesabu tunahesabu wote kwa sauti, na kwa vile kuna mzee mmoja mstaafu wa reli anakaaga mbele na yeye hasemi tisa anasema kenda, siku hizi wote tunasema kumi, kenda, nane, saba. Watoto wadogo wa mtaa ule sasa wanajua kenda.

Huyo mzee ndiye alonifundisha kwamba roketi sio za kwao tu. Kwamba hapa hapa pwani yetu, Ngomeni karibu na Malindi, Wataliano walikuwa na jukwaa la chuma baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti pale siku Kenya inasherehekea uhuru, wakaipa jina Uhuru, Kiswahili kabisa, na ndio ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutumwa maalum kutafuta miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Miye nimesoma mpaka fomu six sikuwahi kuambiwa.

Akina mama wanaulizaga kitu hicho kikianguka si kitatuua, na mtafsiri hawafichi, anawaambia Desemba 2024 tarehe 30 kipete cha chuma cha karibu kilo 500 kilianguka kijiji cha Mukuku huko Makueni Kenya, kipana mita mbili na nusu, hakikumpata mtu. Ni kipande kilichosalia cha roketi. Kwa iyo jibu ni ndio vinaanguka, ila mara chache sana, na anayeuliza anajibiwa kweli, hilo nalipenda.

Sasa nieleze kwa nini miye.

Mara ya kwanza nilipelekwa na kaka yangu, Jumapili tarehe 13 Oktoba 2024. Baba alikuwa amelazwa wiki ya pili, mapafu, tunapokezana zamu kitandani. Zamu yangu iliisha saa nane mchana, kaka akaniona nilivyo akasema twende mahali ukakae saa moja usiwaze kitu. Saa tisa na dakika 25 kwa saa zetu wakairusha Starship kule Texas. Kile kipande cha chini, kirefu mita 71, kinaachana na cha juu alafu baada ya kama dakika saba kinarudi palepale mnarani kilipotokea na mikono miwili ya chuma inakidaka kikiwa hewani. Watu walisimama juu ya mabenchi wanapiga kelele. Miye nilikuwa nimekaa nimeshika benchi kwa mikono miwili toka wanahesabu, sikupiga kelele, nilikuwa nangoja kilipuke, maana toka utotoni kitu chochote kinachopaa na moto nyuma kichwani mwangu kinaisha vibaya.

Tarehe 1 Februari 2003, Jumamosi, nina miaka tisa, tunakaa Makorora. TV yetu ya chogo, baba akitoka bandarini anakaa kwenye kiti chake na hakuna kuongea mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku iishe. Ilikuwa imebaki kama siku kumi Idi ya kuchinja na mama yuko na cherehani anashona nguo zetu. Basi ikaja picha moja, anga la bluu tupu na mstari mweupe unapita, mara mstari ukawa miwili, mara minne, mara mingi, miye nikaona fataki, nikacheka nikapiga makofi. Mtangazaji akasema chombo cha anga cha Wamarekani kinaitwa Columbia, kilikuwa kinarudi nyumbani, zimebaki kama dakika 16 kitue, na wote saba waliokuwemo wamekufa. Nikamuuliza baba, sasa hao watu wako wapi kwenye hiyo mistari? Baba akasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akainuka akazima TV, akaniambia kalale.

Mjue baba yangu alikuwa mtu ambaye mgeni akibisha hodi saa mbili anaambiwa karibu kaa, subiri taarifa iishe. Siku ile haikuisha. Na hakuna aliyenieleza, kesho yake asubuhi chai na mihogo kama kawaida. Kwa miezi nikawa nalala nimejifunika kanga mpaka kichwani na lile joto letu la mwezi wa pili, ndege ikipita kwenda kutua naingia uvunguni. Na kilichoniuma zaidi sikumwambia mtu, kwamba watu wanakufa na miye nilipiga makofi.

Baba alifariki Novemba 2024. Sikwenda tena kibandani mpaka Ramadhani iliyofata. Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 7 Machi 2025, saa nane na nusu, kibanda kimejaa watu wanangoja daku, nje bi mkubwa anayeuza chai kaongeza na uji wa pilipili manga na mikate ya ufuta, kina mama tuko benchi zima. Starship tena. Kipande cha chini kikarudi kikadakwa, makofi, alafu cha juu kule kwenye dakika ya nane injini zikaanza kuzima moja moja, chombo kikaanza kuzunguka kama tiara iliyokatika uzi, picha ikapotea. Mtafsiri akasema hakina mtu ndani, akarudia mara tatu, hakina mtu ndani jamani. Baada ya muda mfupi akafungua video za watu wa kule visiwa vya Bahamas, na ilikuwa ni ile ile, anga na mistari myeupe, mmoja ukawa mingi.

Nikamwambia mwenye kibanda zima. Nilisema kwa sauti mpaka watu wakageuka. Yeye hakuzima. Alikuja akachuchumaa pembeni ya benchi akaniambia "dada, nikizima sasa hivi utaondoka nayo imeganda hapo hapo. Itazame mpaka iishe, miye nakuletea chai." Nikaitazama. Ile mistari inapita, inafifia, inakuwa myembamba, alafu anga linabaki tupu, na watu wa Bahamas kwenye video wanaanza kuongea habari zingine. Ndio nilikuwa sijawahi kuuona mwisho wake, miaka 22. Nilikunywa chai yenye tangawizi nyingi nikalia na hakuna aliyeniuliza chochote, bi mmoja simjui kanisogezea mtandio wake nijifute.

Siku ile ndio nikaanza kuuliza. Kumbe Columbia ilishaumia siku ya kuruka, tarehe 16 Januari 2003, kipande cha povu gumu kutoka kwenye tangi la mafuta kikachomoka sekunde ya 82 kikapiga bawa la kushoto, na wale saba wakakaa juu siku 16 wanafanya kazi zao bawa lina tundu. Wakati wa kurudi hewa ya moto ikaingia humo. Mmoja wao ni Kalpana Chawla, mzaliwa wa Karnal India, na ilikuwa safari yake ya pili. Nilikuja kuwajua majina wote saba. Na mtafsiri akaniambia kitu sijakisahau, kwamba kulikuwa na minyoo midogo sana ya utafiti kwenye makopo ndani ya chombo, na vipande vilipookotwa huko Texas makopo yalifunguliwa ikakutwa hai.

Sasa usiku mkubwa kuliko wote pale kibandani ulikuwa Januari 28 mwaka huu 2026. Miaka 40 toka ajali ya Challenger, chombo cha aina moja na Columbia. Mwenyewe aliandika ubaoni siku tatu kabla, na akaacha mpira usiku ule, watu wa mpira walinuna lakini wakaja. Kiingilio hakikuwepo. Alipanga video ianze ili roketi iruke saa ileile kwa saa zetu, saa moja na dakika 38 usiku, tumeshaswali magharibi. Yule mzee wa reli akapewa maiki kwanza. Akasema yeye 1986 bara hatukuwa na TV, ni redio tu, alikuwa kijana ndio kwanza kaajiriwa, akasikia kwamba kwenye roketi alikuwemo mwalimu, mwalimu wa shule kabisa, Christa McAuliffe, alikuwa afundishe watoto kutokea angani, na watoto walikuwa wanaangalia. Akasema yeye kilichomkaa ni hicho, watoto wa yule mwalimu kule darasani. Alafu akaturudisha kwenye kuhesabu, kumi, kenda.

Sekunde 73. Nilizihesabu kwa vidole. Hapa nasifu mpangilio, maana hakutuonyesha ule mlipuko mara mia kama wanavyofanyaga wengine, alionyesha mara moja, yote, bila kukata, mpaka moshi unapotawanyika. Alafu akawasha taa tukaongea.

Aliyeelezea vizuri kupita wote ni fundi bodaboda. Kosa lilikuwa la raba, oringi, ile ile oringi tunayoijua kwenye pikipiki, ila kubwa, inaziba maungio ya roketi ya pembeni ya kulia. Asubuhi ile Florida palikuwa na baridi ya karibu nyuzi 2, raba ikakakamaa, haikujaa kwenye nafasi yake, moto ukapenya. Na mainjinia wa kampuni iliyotengeneza roketi zile za pembeni usiku wa kuamkia siku hiyo walibisha sana wakisema msirushe, wakubwa wao wakapitisha. Akasema baadae kwenye uchunguzi mwanasayansi mmoja Richard Feynman alichukua kipande cha raba hiyo akakibana akakitia kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya waandishi wa habari, alivyokiachia kikabaki kimebonyea. Fundi akatoa oringi mfukoni na maji ya barafu kutoka kwa muuza juisi akataka kutuonyesha, ile yake ikarudi vizuri tu, akasema raba zinatofautiana na maji yenyewe yameshapungua ubaridi. Alikuwa anaongea kwa uchungu kama walikuwa ndugu zake. "Mtu kakwambia raba haifai leo. Unasubiri kesho. Ni kesho tu."

Alafu mtafsiri akasoma sehemu ambayo miye sikuwa naijua na ndio sababu hasa ya kuandika haya yote.

Challenger haikulipuka na kuwamaliza wote hapo hapo kama tunavyodhani. Ilivunjika. Chumba walichokaa kilichomoka kizima, kikaendelea kupanda juu, alafu kikashuka mpaka baharini, kama dakika mbili na sekunde 45. Wachunguzi hawakuweza kusema kama walikuwa na fahamu mpaka mwisho. Lakini kila mmoja alikuwa na kifaa cha hewa ya dharura, vikapatikana vinne, na vitatu kati ya hivyo vilikuwa vimefunguliwa kwa mkono. Kimoja kilikuwa cha rubani, Michael Smith, na swichi yake iko nyuma ya kiti, mwenyewe haifikii. Nyuma walikaa Judith Resnik na Ellison Onizuka. Maana yake mmoja wao, kwenye dakika zile, alinyoosha mkono akamfungulia mwenzake hewa.

Kibanda kilikuwa kimya mpaka ukasikia adhana ya isha inaanza msikiti wa jirani.

Usiku wa mwisho wa baba miye ndio nilikuwa zamu. Mpira wa oksijeni ulikuwa unamchomoka puani kila akigeuza shingo na mikono yake haikuwa na nguvu ya kuurudisha, miye narudisha, unatoka narudisha, mpaka saa kumi alfajiri. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa najiambia sikufanya chochote usiku ule, sikusoma Yasin ipasavyo, sikumwita kaka mapema, nilikaa tu pale nahangaika na mpira wakati daktari alishatuambia haibadilishi kitu. Pale kibandani nikaitazama mikono yangu. Huyo aliyebonyeza swichi na yeye haikubadilisha kitu, bahari ilikuwa pale pale chini. Na miaka 40 baadae watu Ngamiani wamenyamaza kwa ajili ya kile kidole.

Nikamuelewa na baba pia na TV yake. Hakuwa na maneno ya kumpa mtoto wa miaka tisa, akafanya alichoweza kukifikia.

Haya, mambo ya kujua kabla hujaenda. Choo ni cha nyumba ya mwenyewe, kisafi, unaomba ufunguo kwa mkewe, na yeye huwa yupo mlangoni usiku wote wa roketi kwa iyo wanawake msiogope, hakuna aliyewahi kunisumbua hata siku moja. Mbu ni wengi, nenda na mtandio au kanga. Mechi ya Simba na Yanga ikigongana na roketi, roketi inapigwa chini, nishamwambia mwenyewe na hakubadilika, anasema mpira ndio unalipia bando, na ni kweli. Watoto chini ya miaka kumi usiku hawaruhusiwi ila akina mama tukimuomba Jumamosi mchana anawawekea zile zilizofika salama, na mtoto wangu kaziona. Kaniuliza na zile ambazo hazijafika, nikamwambia zipo, akitaka siku moja tutaangalia wote mpaka mwisho nami nitakuwa nimekaa nae. Kachori za bi mkubwa zinaisha mapema, nunua ukifika. Nyota nne na nusu, hiyo nusu ni bando.

Kabla ya kuondoka usiku ule wa Januari nilimuuliza mwenyewe kwa nini alianza mambo haya, akasema alipenda tu toka zamani, basi, akaendelea kukunja nyaya zake.

Mama nimemsimulia yote, habari ya swichi na habari ya mpira wa oksijeni. Alikuwa anachambua mchele, akaacha, akaniambia kumbe ulikuwa unayabeba hayo peke yako. Kesho yake kaniuliza hicho kibanda viti vyake vina maegemeo maana mgongo. Havina, ni mabenchi. Nimemuomba mwenyewe kiti cha plastiki cha nyumbani kwake, kakubali, atakiweka pembeni ya benchi la pili kushoto, pale ndipo nakaaga.